Shusha Ule Mfuko wa Karatasi

Ndugu msomaji, inua macho hapo ulipokaa. Huenda kuna mfuko umening'inia kwenye boriti, au umechomekwa kati ya ukuta na bati. Ni moja ya ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni, 2019. Dukani haipo tena, lakini nyumbani kwetu bado ipo, nayo imejaa karatasi. Mle ndani kuna kadi ya kliniki ya mtoto. Kuna stakabadhi za shule. Kuna karatasi ya daktari yenye tarehe ya kurudi hospitali, na tarehe hiyo ilikwisha kupita. Kila unapouona mfuko huo unasema, "Kesho." Kesho ikifika unasema tena, "Kesho."

Utauliza, safu hii ni ya afya, karatasi zinahusu nini? Zinahusu sana. Karatasi iliyocheleweshwa inaweza kumnyima mtoto chanjo. Inaweza kumfanya mtu mzima aache dawa katikati. Na tena ina jambo jingine ambalo watu wengi hawalitambui: inachosha. Mtu mwenye karatasi nyingi za kuahirisha hukosa nguvu hata ya kufagia uwanja wake. Leo tuzungumze juu ya mambo hayo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa katika kitongoji kilicho mbali na Haydom, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mtoto wake alipata chanjo alipozaliwa, akapata tena za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kadi iliandikwa vizuri. Ilipofika miezi 9 mtoto alitakiwa kuchanjwa surua na rubela. Lakini wakati huo ulikuwa wa palizi, na mvua ilikuwa imeharibu njia. Mama akasema, nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukapita. Akaanza kuogopa. Akawaza, "Muuguzi ataniuliza mbele ya watu kwa nini nimechelewa. Nitajibu nini?" Akaichukua kadi akaitia ndani ya mfuko. Aibu ile ikawa inakua kuliko mtoto mwenyewe.

Hapa mama huyu amekosea wapi? Siyo katika palizi. Kila mkulima anajua palizi haingoji. Amekosea kudhani kwamba chanjo iliyochelewa imekwisha kuharibika. Sivyo. Mtoto aliyekosa chanjo ya surua katika miezi 9 anaweza kuchanjwa akiletwa baadaye. Na zile chanjo zinazotolewa mara tatu, mtoto akikosa moja hazianzwi upya. Mhudumu husoma kadi, huangalia ameishia wapi, kisha huendelea kutoka hapo. Ziko chache zenye umri wa mwisho, kama ile ya matone ya kuzuia kuhara, na ndiyo sababu ni vizuri kwenda mapema. Chanjo hizi za watoto hutolewa bila malipo. Kwa hiyo mama yule anaogopa mlango ambao haukufungwa.

Tena kuna chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo mtoto huipata akiwa na miezi 18. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2014. Wazazi wengi huisahau kwa sababu wakati huo mtoto anatembea, anakula ugali, haonekani tena kuwa mtu wa kliniki. Itazame kadi ya mtoto wako sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Je, sehemu ya miezi 18 imeandikwa tarehe, au ni tupu?

Wako na wengine wenye karatasi nzito kuliko hiyo. Mtu anatibiwa kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi 6. Baada ya miezi 2 kikohozi kimekwisha, mwili umeongezeka, anarudi shambani. Anakosa siku moja ya kuchukua dawa, kisha ya pili. Kadi yake ya matibabu inakaa juu ya boriti. Naye anaogopa kukaripiwa. Huyu asingoje hata wiki moja, kwa sababu vidudu vya kifua kikuu vilivyoonja dawa vikaachwa hai vinaweza kuwa sugu, na sugu hiyo ataiambukiza nyumba yake. Abebe kadi yake aende. Hata kama atakaripiwa, makaripio huchukua dakika tano.

Halafu kuna deni la matibabu. Jambo hili watu hulisema kwa sauti ya chini. Mtu alilazwa, akapona, akatoka na hati ya deni mkononi, akaahidi kulipa akiuza mahindi. Mahindi hayakutosha. Tangu hapo akiumwa haendi tena hospitali ile, hata mtoto akiumwa anasita. Anatafuta dawa za dukani. Ndugu, karatasi hiyo ni ya hatari kuliko nyoka. Katika hospitali yuko afisa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza watu wasio na uwezo. Nenda na hati yako, sema unachoweza kulipa, hata kama ni kidogo. Sera yetu inatoa msamaha wa malipo katika huduma za serikali kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ukikaa nyumbani na hati ndani ya mfuko, hakuna atakayejua kwamba ulitaka kulipa.

Sasa tuseme juu ya ile nguvu. Kwa nini karatasi ndogo imchoshe mtu anayeweza kulima ekari nzima?

Shamba likiwa halijalimwa unaliona, na mwili unajua la kufanya. Karatasi isiyoshughulikiwa haionekani, lakini inasemasema kichwani. Unapika, inasema. Unalala, inasema. Mwaka 1927 mtafiti mmoja wa mambo ya akili, Bluma Zeigarnik, aliandika kwamba watu aliowapima walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko zile walizomaliza. Wengine waliopima baada yake hawakupata sawasawa na yeye. Lakini sisi tunao ushahidi wetu. Mtazame mtu mwenye deni dukani. Anaacha njia kuu, anapita njia ya nyuma kwenye miiba, siku zote, kwa ajili ya shilingi elfu tatu. Hiyo miiba ndiyo uchovu ninaousema.

Na siku akilipa? Anapita njia kuu. Anasalimia kwa sauti. Akifika nyumbani anaona kwamba mlango wa banda umelegea, anachukua nyundo anaugonga. Mlango ule ulikuwa umelegea mwaka mzima! Hakuwa mvivu. Alikuwa amejaa.

Basi hii ndiyo sababu nasema uanze na karatasi kabla ya kuanza na nyumba. Kusafisha nyumba hakuna mwisho. Ukifagia leo, kesho kuku wamechafua. Lakini karatasi moja ina mwisho. Inagongwa muhuri, au inaandikwa tarehe, au inatiwa moto. Unaona kwa macho yako kwamba jambo limekwisha. Mtu aliyeona jambo moja limekwisha huwa na hamu ya kuona la pili.

Kuna wengine hufanya kinyume. Wanafagia, wanafua, wanapanga vyombo, siku nzima, ili wasiufungue mfuko. Jioni nyumba inang'aa lakini moyo uko vilevile. Ninawafahamu watu wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi.

Namna ya kuanza ni hii. Chagua jioni moja baada ya mavuno, wakati kazi za shamba zimepungua. Tandika mkeka au gunia mahali penye mwanga. Ushushe mfuko uumwage wote. Usisome kila kitu kwanza, maana utachoka. Tenga tu. Karatasi zinazotaka uende mahali, weka upande mmoja. Za kutunza, upande mwingine. Zisizo na kazi tena, weka karibu na jiko. Kama kusoma bado kunakupa taabu, mwite mtoto anayesoma shule, au beba zile zinazokutatiza uende nazo darasani kwa mwalimu wa kisomo. Hakuna kitabu cha kujifunzia kusoma kilicho kizuri kama karatasi yenye jina lako mwenyewe.

Baba na mama wakae wote wawili. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayekwenda kliniki, lakini baba ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Mama akitaka kadi, baba yuko mnadani. Hali hii imewachelewesha watoto wengi, na ni rahisi kuiondoa.

Usikimbilie kuchoma. Karatasi iliyochakaa ya hospitali inayosema mtoto alizaliwa lini na wapi, yaani tangazo la kizazi, ni ya thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Ndiyo inayomwezesha mtoto kupata cheti cha kuzaliwa. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013, kisha ukaenea katika mikoa mingine. Katika mpango huo mtoto huandikishwa katika kituo cha afya au ofisi ya kata, na cheti chake cha kwanza hakina ada. Kwa aliyezidi miaka mitano maombi hupelekwa katika ofisi ya wilaya, nayo yana ada. Kama mtoto alizaliwa nyumbani, anza kwa Mtendaji wa Kijiji. Mzazi anayesema "bado ni mdogo, cheti cha nini" ajue kwamba siku moja kijana huyo ataombwa cheti hicho akitafuta kitambulisho cha Taifa, au akiomba mkopo wa masomo ya juu, na wakati huo mkunga aliyempokea huenda amekwisha kufariki.

Hapa kwetu kuna shida nyingine inayotokana na lugha zetu. Majina ya Kiiraqw na ya Kidatoga yana sauti ambazo Kiswahili hakina. Muuguzi aliyetoka mbali huandika alivyosikia. Mwalimu naye huandika alivyosikia yeye. Mtoto mmoja anakuwa na jina moja kwenye kadi ya kliniki, jingine kwenye daftari la shule, na la tatu kanisani. Hata mji wenyewe watu huuandika Haydom, na wengine Haidom, nao haujalalamika. Lakini ofisi italalamika. Jioni hiyo ya mkeka, zilinganishe karatasi za kila mtoto herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, mwulize Mtendaji namna ya kuisahihisha wakati mtoto bado mdogo. Jambo hilo ni gumu zaidi mtoto akishafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina lililokosewa.

Katika zile karatasi za kwenda mahali, chagua moja tu. Iliyo nyepesi, siyo iliyo kubwa. Kama kadi ya chanjo inaweza kumalizwa Jumatatu katika zahanati iliyo karibu, hiyo ndiyo ya kwanza. Ila karatasi ya mtu anayeugua sasa, au aliyeacha dawa, hiyo hutangulia zote.

Wazee wetu wanaijua njia hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya elimu ya watu wazima, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Hawakuambiwa wasafishe nchi nzima kwa siku moja. Hapa walichimba shimo la choo, pale walifukia dimbwi, kwingine walifyeka nyasi zilizokaribia ukuta. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki. Mtu aliyechimba choo chake aliona aibu kuacha nyasi zimezunguka choo hicho, akazifyeka.

Kwa hiyo siku ukirudi kutoka zahanati na kadi imeandikwa tarehe mpya, usikae ukangoja hamu ipoe. Fungua macho utazame nyumba. Pale ulipoutoa ule mfuko utakuta jambo: mavi ya panya. Panya hupenda mahali palipolundikana vitu visivyoguswa. Hutafuna karatasi akatengeneza tundu la kuzalia. Nimeona kadi ya kliniki iliyobaki nusu, na nusu iliyoliwa ndiyo yenye tarehe.

Panya siyo adui wa karatasi peke yake. Wilaya ya Mbulu imewahi kupatwa na tauni, na mwaka 2008 iliwapata watu wa vijiji vyake. Kidudu cha tauni hukaa kwa panya, na viroboto humleta kwa binadamu. Mgonjwa huwa na homa kali ya ghafla, na mitoki huvimba kinenani, kwapani au shingoni. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa za hospitali kama mtu akiwahi, lakini akicheleweshwa siku chache anaweza kufa. Mkojo wa panya nao huleta homa nyingine, ile iliyotokea mkoani Lindi mwaka 2022 ikaitwa homa ya mgunda. Kwa hiyo lile lundo la magunia matupu, viatu vilivyokatika na madebe yenye kutu nyuma ya kitanda siyo mali. Ni nyumba ya panya ndani ya nyumba yako.

Litoe nje mchana, milango ikiwa wazi. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke. Ukikuta panya aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu, mwondoe kwa koleo umfukie mbali na kisima. Ukiona panya wengi wamekufa wenyewe bila mtego wala sumu, usifanye lolote peke yako. Viroboto wao sasa wanatafuta mwili mwingine. Mwarifu Mtendaji au Bwana Afya siku hiyo hiyo. Magunia ya mahindi yainue juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, ili paka apite chini. Paka ana kazi yake, mwache aifanye.

Katika kupanga huko utakutana na vidonge. Viwili vimebaki kwenye karatasi iliyokunjwa, nusu chupa ya dawa ya maji ya mtoto, vingine havina hata jina. Usivitunze kwa ajili ya homa ijayo, maana huwezi kujua ni vya nini wala vimekwisha nguvu lini. Usivitupe shimoni ambako watoto huchezea. Vipeleke zahanati siku utakayokwenda kwa jambo jingine.

Karatasi zilizobaki zitunze katika chombo cha bati chenye mfuniko. Sanduku la bati ni zuri kuliko vyote, lakini hata kopo kubwa la bati linafaa. Panya hutoboa plastiki. Weka kila mtu karatasi zake pamoja, zifunge kwa kamba. Liweke mahali ambapo mtu anaweza kulinyakua usiku. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakauingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Katika hali kama ile mtu huokoa watoto kwanza, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini aliyejua kopo lake lilipo aliweza kulibeba kwa mkono wa pili.

Nimesema mengi juu ya hamu ya kufanya kazi. Yuko mtu ambaye hata ukimshushia mfuko, hawezi. Hapati usingizi majuma mengi. Chakula hakina ladha, wala watoto wakicheka hacheki, na asubuhi haoni sababu ya kuamka. Usimwite mvivu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una matibabu kama malaria ilivyo na matibabu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa namna nyingi tangu mwaka 1955. Mgonjwa wa huzuni naye ana haki ya kupanga foleni. Msindikize. Huenda hiyo ndiyo safari yake ya kwanza, na karatasi zitafuata baadaye.

Na lile tangazo la kizazi ambalo wino wake umeanza kufutika, usilirudishe kwenye kopo. Liache nje, juu ya meza, mpaka siku ya kwenda ofisi ya kata.